Shituru: kusimama kwenye ardhi yenye mwenyewe

Kwa watu wa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo (DRC), Shituru ni komini na ni kiwanda. Tangu 1929 shaba husafishwa hapo kwa umeme: sahani nyembamba zinazamishwa kwenye matangi ya asidi, madini yanajishika juu yake siku baada ya siku, mpaka sahani inakuwa nzito ya kuinuliwa kwa mashine. Pembeni ya mitambo zilijengwa kambi za wafanyakazi. Nyumba, posho ya wiki, hospitali, shule na kiwanja cha mpira, vyote vilitoka kwa mwajiri mmoja, Union Minière du Haut-Katanga. Aliyetaka kukusanya wenzake ili wapeleke malalamiko hakuwa na pa kuwasimamisha. Kila palipokuwa na nafasi palikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akilalamikiwa.

Utawala wa Kibelgiji haukuwa na haja ya kuandika masharti ya maandamano ya mtu mweusi, kwa sababu haukumtarajia aandamane. Dekreti ya 1922 kuhusu mikataba ya kazi ilimfanya anayeacha kazi kabla ya wakati awe mkosaji wa kufungwa jela. Kiboko nacho kilikuwa halali. Mtu aliyegoma hakuhesabiwa kuwa anadai haki. Alihesabiwa kuwa amevunja sheria, hata kama amekaa kimya mbele ya nyumba yake.

Ndiyo maana Desemba 1941 iliwashtua wakubwa. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei za kila kitu, shaba ya Katanga ilihitajika mno na majeshi ya Washirika, lakini mshahara haukusogea. Wafanyakazi walitaka faranga 1.50 ziwe 2. Mgomo ulianza tarehe 3 Desemba, na kesho yake watu wapatao 1,400 walikuwa wameweka chini vyombo. Jadotville, ndilo jina la Likasi wakati huo, ilikuwa mstari wa mbele, na viwanda vyake vikuu vilikuwa Shituru na Panda. Wakuu waliwaambia watu watawanyike warudi kazini. Walipokataa, askari walifyatua risasi. Idadi inayotajwa kwa Jadotville ni watu 15 waliokufa.

Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mambo yalifika pabaya zaidi. Tarehe 9 Desemba wagomaji waliitwa kwenye uwanja wa mpira ili wazungumze na gavana wa jimbo, Amour Maron. Hapa msomaji asimame kidogo. Hawakuvamia uwanja ule. Walikusanyika mahali walipoitwa na serikali yenyewe, mchana, mikono mitupu. Waliahidiwa nyongeza ya asilimia 30 na mambo mengine, wakaona haitoshi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, alipigwa risasi akafa, na inasimuliwa kwamba aliyempiga ni Maron mwenyewe. Kisha askari wakaamriwa kuufyatulia umati. Hesabu ya serikali ilitaja watu wapatao 30. Wanahistoria wengi hutaja kati ya 60 na 70. Tarehe 10 kazi ikaendelea.

Kumbukumbu ya uwanja ule haikutunzwa na ofisi. Iliyoitunza ni michoro iliyotundikwa kwenye sebule za watu. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliwachora wahanga wa Union Minière katika mfululizo wake wa historia ya nchi, na akamweleza mtafiti Johannes Fabian maana ya picha zake kwa Kiswahili cha Katanga. Kwangu mimi hilo ni jalada la ushahidi bora kuliko ripoti nyingi zilizopigwa chapa.

Baada ya vita, mwaka 1946, vyama vya wafanyakazi weusi viliruhusiwa, chini ya jicho la utawala. Lakini kuruhusiwa kuwa na chama si kuruhusiwa kukutana unapotaka. Hilo lilionekana Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 4 Januari 1959: mkutano wa chama cha siasa cha ABAKO ulikosa ruhusa, watu waliokuwa wamekwisha kufika wakakasirika, na mji ukawaka kwa siku kadhaa. Makumi walikufa. Mwaka mmoja na nusu baadaye nchi ilikuwa huru.

Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zikawa za taifa, na kampuni iliyozaliwa humo ndiyo baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa mtu wa Shituru kitu kimoja kikubwa kilibadilika: lango la kiwanda, lililokuwa la Mbelgiji, likawa la serikali yake. Angetarajia kwamba sasa anaweza kusimama mbele yake na kusema. Ikawa kinyume. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium walioandamana Kinshasa Juni 1969 walipigwa risasi. Chini ya MPR, chama pekee, kuandamana kwa kuisifu serikali hakukukatazwa, kulilazimishwa. Vikundi vya animation politique viliimba na kumchezea Rais Mobutu Sese Seko, mavazi yakiwa na sura yake kifuani, na kutokuonekana kwenye mstari kulikuwa na gharama yake. Mtu alikuwa huru kushangilia, basi.

Hata mfumo wa vyama vingi ulipotangazwa Aprili 1990, haukupita mwezi mmoja kabla ya wanafunzi kuuawa ndani ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa walitoka makanisani kudai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, nao wakakutana na risasi.

Sheria tunayoburuzana nayo ilikuja wakati wa vita vingine. Dekreti-sheria namba 196 ya tarehe 29 Januari 1999, enzi ya Rais Laurent-Désiré Kabila, inaanza vizuri kwa kusema kila Mkongomani ana haki ya kuandaa maandamano na mikutano ya amani. Kisha inawapa wakuu wa utawala kibali mkononi: kwenye ardhi ya umma, bila ridhaa yao, hakuna kitu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliukata mzizi huo. Ibara ya 25 inalinda mikusanyiko ya amani isiyo na silaha. Ibara ya 26 inasema uhuru wa kuandamana umehakikishwa, na kwa maandamano ya barabarani au mahali pa wazi waandaaji wanatakiwa tu kuuarifu utawala kwa maandishi. Inaongeza kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kushiriki maandamano, na aliyepitia miaka ya animation anajua sentensi hiyo ilitoka wapi.

Tatizo ni kwamba Ibara ya 26 iliacha utaratibu wake uwekwe na sheria, na kwa miaka mingi wakuu wameendelea kuishika dekreti ya 1999 kana kwamba Katiba haikuandikwa. Barua ya taarifa inafika kwa meya, inajibiwa kana kwamba ni ombi, na jibu ni hapana. Katika maandamano ya Januari 2015 na Desemba 2017 miji mikubwa iliona matokeo yake. Kenya nako Katiba ya 2010 ilileta uhuru huo katika ibara ya 37, huku Sheria ya Utulivu wa Umma ikidai taarifa ya siku 3 mpaka 14, na polisi wengi wa huko bado husoma taarifa kama maombi. Jirani hatuchekani.

Shituru kuna mkanganyiko wa ziada. Gécamines ni kampuni ya kibiashara tangu 2010, lakini mwenye hisa ni serikali. Ndani ya uzio, mfanyakazi anafuata Kanuni ya Kazi ya 2002: mgomo huja baada ya usuluhishi kushindikana. Nje ya lango, kwenye barabara, yeye ni raia kama raia mwingine na Ibara ya 26 inatosha. Tofauti hii ina uzito kwa wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines katika mpango wa 2003 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na ambao wengi wao wanadai malipo yao mpaka leo. Hawana tena kazi ya kugomea. Walichobaki nacho ni barabara.

Bunge lina deni la sheria iliyo wazi ya kuifuta ile ya 1999, na ni deni la muda mrefu. Wakati tunaisubiri, wewe unayeandaa matembezi ya amani Likasi, andika barua yako mapema: taja siku, saa, njia na majina ya wahusika, na sema wazi kwamba unaarifu kwa mujibu wa Ibara ya 26, huombi. Peleka nakala mbili kwa meya, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na kutiwa tarehe, kisha uitunze wewe mwenyewe.