Kongosho Limevimba, Halina Uvimbe

Katika hospitali zinazotuhudumia sisi wa Stafford na upande wote huu wa kusini magharibi mwa Houston, daktari huutaja ugonjwa huu kwa pumzi moja: pankreataitisi ya vijiwe vya nyongo. Mkalimani ana sekunde chache za kuyageuza maneno hayo. Mbele yake amelala mama wa kutoka Bukavu, au Tabora, au Mombasa, kashika tumbo na anatapika. Neno linalokuja upesi mdomoni ni "uvimbe kwenye kongosho", na neno hilo naomba tuliache.

Uvimbe umekwisha kushika maana yake hospitalini. Ukisema fulani ana uvimbe kwenye kizazi, kwenye titi au kwenye ubongo, msikilizaji anafikiria kinyama kilichoota, na nyuma yake saratani. Mgonjwa akilisikia neno hilo ataanza kuusia watoto. "Kongosho limevimba" ni habari nyingine: kiungo kimeumuka na kuwaka, na kinaweza kurudi katika hali yake. Wagonjwa wapatao wanne kati ya watano hawafikii hali mbaya. Hupata nafuu ndani ya siku chache kwa dripu, dawa za maumivu na uangalizi. Waliobaki wako hatarini kweli. Sehemu za kongosho huweza kufa, na mapafu au figo kushindwa kazi.

Kongosho lenyewe wengi wetu tumelisikia kwenye habari za kisukari, kwa kuwa ndilo linalotoa insulini, na wako wanaolichanganya na bandama. Limelala nyuma ya mfuko wa chakula, na kazi yake nyingine ni kutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, vinavyoteremka kwa mrija mpaka utumbo mdogo. Nyongo nayo hutengenezwa na ini, huwekwa akiba kwenye kifuko chake, kisha hushuka kwa mrija wake. Kwa watu wengi mirija hiyo miwili hukutana karibu kabisa na utumbo na kumwaga kwenye kilango kimoja chembamba. Kijiwe kikiziba hapo, vimeng'enya huamka vikiwa bado ndani ya kongosho na kuanza kulichoma lenyewe.

Daktari Eugene Opie alilieleza hilo huko Baltimore mwaka 1901, baada ya kukikuta kijiwe kimekwama kwenye kilango hicho katika maiti ya mgonjwa. Lakini mara nyingi madaktari walimpasua mgonjwa wasikione kijiwe chochote. Jibu lilitoka Argentina mwaka 1974: madaktari Acosta na Ledesma walichunguza choo cha wagonjwa 36 wa aina hii, wakakuta vijiwe kwa 34. Kijiwe kilikuwa kimeziba, kimeleta madhara, kikapita. Ndiyo sababu nasema vijiwe, si mawe. Kijiwe cha ukubwa wa punje ya mtama kina nafasi nzuri zaidi ya kuponyoka kwenye kifuko na kufika kwenye mrija kuliko jiwe kubwa lililotulia. Najua kijiwe pia ni maskani ya vijana mtaani. Neno hilo likitajwa pamoja na nyongo, hakuna atakayepotea.

Nasisitiza kwamba vijiwe vitajwe ndani ya jina lenyewe. Pombe ni sababu nyingine kubwa ya kongosho kuvimba, na hilo limeshaenea. Mama asiyewahi kuonja pombe maisha yake yote anaambiwa kongosho limevimba, ndugu wanatazamana, na aibu isiyo yake inamwangukia. Vijiwe huwapata zaidi wanawake, hasa waliobeba mimba, na watu waliopungua uzito kwa kasi. Huwapata pia wenye selimundu, hata wakiwa vijana, na ugonjwa huo tunaujua vizuri nyumbani kwetu.

Jina lenye sababu ndani yake hurahisisha pia habari ya upasuaji. Maumivu yakiisha, mgonjwa huuliza: nimepona, mnanikata kwa nini? Ni kwa sababu kifuko bado kina vijiwe. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015 ulihusisha wagonjwa 266 ambao hali yao haikuwa kali. Waliotolewa kifuko kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, asilimia 5 walirudi hospitalini au kufariki kwa matatizo ya vijiwe. Waliosubiri wiki kadhaa, asilimia 17.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni "kuvimba kwa kongosho kutokana na vijiwe vya nyongo". Ni refu, lakini halihitaji kufasiriwa mara ya pili.

Ukishikwa na maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, usingoje kupambazuke. Piga 911 au nenda chumba cha dharura. Sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010, kifungu cha 1557, inaitaka hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ikupe mkalimani bila malipo. Mwombe kwa jina la lugha yako, Kiswahili, na usimpe mtoto wako kazi hiyo.