Soko wa Kabambare: nyama ambaye Livingstone alimwita gorila

Soko ni jina ambalo msafiri David Livingstone aliandika kwenye daftari zake kwa nyama mmoja wa pori ya Manyema, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Kwa mtu wa Kasongo ao Kabambare jina hilo halina fumbo: ni sokwe, sokomutu kama wengi wanavyosema. Lakini Ulaya ilichukua muda kuelewa, na katikati hapo hadithi nyingi zikazaliwa.

Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, Septemba 1869. Baadaye vidonda vya miguu vikamkalisha pale miezi mingi, kutoka Julai 1870 mpaka Februari 1871. Mgonjwa aliyekaa kitako anasikia mengi. Alisikia kwamba soko anaiba watoto, kwamba anakamata mkono wa muwindaji, anang'ata vidole na kuvitema, kwamba anapiga miti kama ngoma. Yote akaandika. Tarehe 24 Agosti 1870 akaandika kwamba jana yake soko wanne wameuawa: moto wa majani uliwatoa mafichoni, wakatokea uwandani, watu wakawapiga mikuki. Yeye mwenyewe hakuwapenda hata kidogo; aliwaeleza kama nyama wa sura mbaya, wenye kitambi na miguu ya kupinda.

Shida ilikuwa jina. Kitabu cha Paul Du Chaillu juu ya gorila wa Gabon kilitoka 1861, na Wazungu walikuwa na njaa ya habari za gorila. Livingstone, ambaye hakuwahi kuona gorila, akaandika kwamba soko ndiye huyo. Kumbe wawindaji walikuwa wamekwisha kumpa alama. Gorila anapiga kifua chake mwenyewe. Anayepiga mizizi mikubwa ya miti mpaka sauti inafika mbali ni sokomutu. Sokomutu analala juu ya mti, kwenye kitanda cha matawi anachotengeneza kila jioni, na gorila wa mashariki ya Kongo mara nyingi anatandika chini. Dume la gorila huyo linaweza kufika kilo 200, sokomutu hafiki hata nusu yake.

Hata habari ya vidole haikuwa bongo. Sokwe akijitetea anang'ata mikono kweli. Na huko Uganda magharibi, ambako misitu imekatwa na mashamba yamefika mpaka kwa nyama, sokwe wamewahi kushambulia watoto. Basi wale waliomsimulia Livingstone walijua kuliko vitabu vya wakati ule.

Kutoka kwa daftari za wasafiri namna hii, waandishi wa hadithi za kubuni walipata mali. Mwaka 1901 Jules Verne alitoa Le Village aérien: Mfaransa, Mmarekani na kiongozi wao Khamis wanapotea katika pori ya Ubangi na kukuta kijiji juu ya miti, chenye viumbe nusu nyama nusu watu. Mfalme wao anaitwa Mselo-Tala-Tala, na msemaji wa Lingala atacheka mara moja, maana talatala ni kioo ao miwani. Mfalme ni daktari Mzungu aliyepotea.

Michael Crichton naye akatoa Congo mwaka 1980, ikawa filme mwaka 1995. Humo gorila wa kijivu wanalinda almasi ya mji uliopotea karibu na Virunga, mji wa Zinj. Jina hilo Waarabu wa kale walilitumia kwa watu wa pwani, na limo ndani ya neno Zanzibar. Filme inafurahisha, lakini ni Verne aliyekuwa na huruma zaidi: viumbe vyake wana watoto wanaowapenda. Gorila wa filme ni muuaji tu, na gorila wa kweli anakula majani.

Wakati mwingine habari ya msafiri inageuka kuwa kweli. Stanley aliandika mwaka 1890 kwamba Wambuti walimwambia juu ya nyama mfano wa punda anayekaa porini. Mwaka 1901 dunia ikamjua okapi. Karibu zaidi na Maniema ni lesula, kima mwenye uso mrefu kama wa mtu mwenye mawazo. Watafiti walimwona mara ya kwanza mwaka 2007 ku Opala, amefugwa kwa mkubwa wa shule. Wakamtangaza mwaka 2012 kwa jina lile lile wenyeji walilomwita. Hifadhi ya Lomami, inayoshika Tshopo na Maniema, iliundwa mwaka 2016.

Februari 1871, kabla ya kuondoka Bambarre, Livingstone alipewa na mfanyabiashara Katomba mtoto wa soko, jike, mama yake ameuawa. Alilia kama mtoto wa mtu asipobebwa, akakusanya majani kujitandikia, akajifunika mkeka. Maneno makali ya Agosti hayapo tena kwenye ukurasa huo.

Watoto kama huyo wanaendelea kutolewa porini. Mama sokwe anazaa mara moja kwa miaka mitano ao sita, na kumkamata mtoto karibu kila mara ni kumuua mama. Sokwe analindwa na sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira. Anayeona mtoto wa sokwe akiuzwa anaweza kuarifu ICCN. Yatima wanaookolewa mashariki wengi wanapelekwa kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini, kilichofunguliwa mwaka 2002.