Usiku Mtakatifu: Msee Aliyeandika Ngoma Hii Alikufa Amesota

Iwe Krisi itakupata kanisani Ruiru ama zamu ya usiku viwandani Thika, Usiku Mtakatifu utauskia tu. Lakini mwenyewe unamjua?

Ni Joseph Mohr, padri wa Austria. Mathe alikuwa mfumaji. Buda, mwanajeshi, alihepa kabla azaliwe. Mohr aliandika maneno 1816, hajafikisha miaka 25. Mkesha wa Krismasi 1818, mjini Oberndorf, mwalimu Franz Gruber akatunga tuni, wakaimba na gitaa.

Ngoma ikabamba dunia nzima, watu wakidai ni ya Mozart ama Haydn. Mohr alikufa 1848, hana kitu. Karatasi yenye mwandiko na jina lake ilitambuliwa 1995, ubishi ukaisha.

Wewe unayeandika mistari, weka jina na tarehe mapema.