Kasuku Tunduni: Historia ya Ndege Msemaji Kwenye Njia ya Busia na Tororo

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni ndege wa misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na ya Kati. Makazi yake ya asili yanaanzia Ghuba ya Guinea, yanapita bonde la Kongo na kukomea magharibi mwa Kenya, katika msitu wa Kakamega, ambako leo wamebaki wachache mno. Nchini Uganda hupatikana Budongo, Kibale, Entebbe, visiwa vya Ssese na msitu wa Mabira.

Kati ya Mabira na Kakamega kuna nchi ya mashamba na vinamasi, na humo ndimo zilimo Tororo na Busia. Kasuku wa porini hana makazi huko. Kasuku wa tunduni ndiye mpita njia, kwa sababu barabara kuu itokayo Kampala, ikishapita Bugiri, hugawanyika: tawi moja huingia Kenya kupitia Busia, la pili hupita Tororo na kuvuka Malaba. Kwa kuwa kasuku wa porini nchini Kenya ni wa kuhesabika, wengi wanaofugwa majumbani huko asili yao ni misitu ya Kongo.

Mpaka na leseni

Hadi mwaka 1902 eneo lote la Busia, Mumias na Kakamega lilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamishia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na hatimaye mito ya Sio na Malaba ikawa alama za mpaka. Reli iliyopita Eldoret na Tororo ilifika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda ya reli, kwani tawi la Soroti lilianzia hapo.

Kila upande ulikuwa na idara yake ya wanyamapori. Ya Uganda iliongozwa na Charles Pitman kuanzia mwaka 1925 hadi 1951. Sheria za wakati huo zilijengwa juu ya leseni: mnyama alihesabiwa kuwa mali ya serikali, na aliyelipa ada aliruhusiwa kumwinda au kumkamata. Hali ya mnyama baada ya kukamatwa haikuwa hoja kubwa. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha wanyama yatima mjini Entebbe, ambacho baadaye kiligeuzwa bustani ya maonyesho. Nairobi ilipata kituo chake mwaka 1964.

Kwa nini kasuku

Kilichomponza kasuku ni ulimi wake. Ni miongoni mwa ndege hodari kabisa wa kuiga sauti ya binadamu, na uwezo wake hauishii kwenye kuiga. Alex, kasuku aliyenunuliwa katika duka la ndege mjini Chicago mwaka 1977, alifundishwa na mtafiti Irene Pepperberg hadi alipokufa mwaka 2007. Alijifunza kutaja vitu, rangi na maumbo, na kuhesabu hadi sita.

Ukamataji wenyewe ni wa kikatili. Wawindaji hufunga kasuku mmoja juu ya mti awe chambo, wakapaka matawi ulimbo, na kundi likishuka kumwitikia mwenzao hunasa. Wengine hutoa makinda katika mashimo ya miti. Ndege wengi hufa kabla ya kufika sokoni, kwa kiu, majeraha au msongamano wa masanduku.

Sheria mbili, barabara moja

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwishoni mwa 1978 ikajiunga na mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Uganda ilijiunga mwaka 1991. Kwa zaidi ya miaka 12, basi, mto Sio ulitenganisha nchi mbili zenye wajibu tofauti juu ya ndege yuleyule.

Kwa Uganda, miaka hiyo na iliyoitangulia kidogo ilikuwa pia ya vita na ya magendo. Bei ya kahawa ilipopanda katikati ya miaka ya 1970, kahawa ya Uganda ilimiminika Kenya, na soko la Chepkube karibu na Mlima Elgon likavuma. Njia za panya zilizozoea kupitisha magunia hazikushindwa kupitisha kisanduku cha ndege.

Duniani biashara halali pekee ilikuwa kubwa. Kati ya mwaka 1975 na 2013 kasuku zaidi ya milioni 1.3 waliokamatwa porini waliuzwa nje ya nchi zao. Marekani ilibana uingizaji wa ndege wa porini kwa sheria ya mwaka 1992, na Umoja wa Ulaya ukaufunga kabisa mwaka 2007. Utafiti nchini Ghana ulionyesha kuwa kasuku walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, kasuku wa kijivu aliwekwa katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na biashara ya kimataifa ya ndege wa porini ikafungwa.

Swali la maadili

Idadi ilijibu swali moja tu, kama kasuku watamalizika. Swali la pili ni kama ni haki kumfungia kiumbe mwenye akili ili watu wafurahi. Hilo liliwahi kuulizwa kwa kishindo kuhusu nyangumi wauaji, ambao kwa ukoo ni pomboo wakubwa. Mwaka 1964 mmoja wao, Moby Doll, alifungiwa Vancouver na kuvuta umati, akafa kabla ya miezi mitatu kutimia. Maonyesho yaliwafanya watu wampende mnyama waliyekuwa wakimwogopa, kisha mapenzi hayohayo yakazaa lawama. Nyangumi Tilikum alimuua mkufunzi wake huko Florida mwaka 2010, na filamu ya Blackfish, inayosimulia kisa chake, ikatoka mwaka 2013. Mwaka 2016 kampuni ya SeaWorld, iliyommiliki, ilitangaza kuacha kuzalisha nyangumi hao. Kanada ilipitisha sheria ya kukomesha ufungaji huo mwaka 2019, na Ufaransa ikafuata mwaka 2021.

Hoja zinazomhusu kasuku zinafanana na hizo. Wanaotetea ufugaji husema ndege aliyezaliwa tunduni hajui msitu, hulishwa vizuri na humfundisha mtoto kupenda viumbe. Wanaopinga hujibu kwamba kasuku huishi katika makundi ambayo usiku yanaweza kufikia mamia, na kwamba anaweza kuishi miaka 40 au zaidi, pengine kumpita aliyemnunua. Akiwa peke yake na bila shughuli, mara nyingi hujinyonyoa manyoya hadi ngozi ikabaki wazi.

Afrika Mashariki imetoa jibu la kati katika hifadhi za sokwe. Sokwe Poco alifungiwa miaka tisa katika tundu lililoning'inizwa juu ya duka mjini Bujumbura ili avute wateja. Lilikuwa jembamba kiasi kwamba aliweza kusimama tu, na hata baada ya kuokolewa alipenda kutembea kwa miguu miwili. Alipelekwa Sweetwaters, hifadhi iliyofunguliwa karibu na Nanyuki mwaka 1993. Kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria kilipokea sokwe 19 mwaka 1998, nacho huzuia uzazi ili nafasi ibaki kwa wanaookolewa. Uzio upo na wageni hulipa kiingilio, lakini sokwe hafundishwi michezo wala hakamatwi porini ili aje kutazamwa.

Hali ilivyo sasa

Leo sheria za pande mbili zimekaribiana. Ya Kenya ni ya mwaka 2013 na ya Uganda ni ya 2019, na zote zina adhabu inayofika kifungo cha maisha kwa makosa mazito dhidi ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2018 Busia ilizinduliwa rasmi kuwa kituo kimoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hukagua mizigo pamoja. Mwaka 2022 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya liliwapa wenye kasuku wa kijivu muda wa kujisajili bila kushtakiwa.

Ndege anayekamatwa huhitaji karantini, vipimo vya magonjwa na mafunzo ya kuruka na kutafuta chakula kabla ya kuachiliwa. Asiyeweza kurudi msituni hutunzwa maisha yake yote, na nchini Uganda kazi hiyo hufanywa na kituo cha Entebbe, ambacho tangu mwaka 1994 kimekuwa kituo cha elimu ya wanyamapori. Hata hivyo, katika nchi zote mbili mtu mwenye kibali bado anaweza kufuga ndege wa porini kihalali. Sheria zimebana njia za kumpata kasuku na kumvusha mpaka. Tundu lenyewe bado linaruhusiwa.