Petard, Khedive Ismail na Nishani za Kariokor

Kware yetu ya Embakasi si ndege wa porini. Ni "quarry" ya Mzungu, machimbo ya mawe, iliyotamkwa kwa ulimi wa wachonga mawe mpaka ikawa jina la mtaa. Kariokor nayo ilizaliwa vivyo hivyo: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko, mbele kidogo ya soko la vyondo, yapo makaburi ya vita, na ndipo nishani za Vita vya Pili zilipotolewa Novemba 2023.

Lakini hadithi ya nishani hizo, na ya waliozikosa, tuianze baharini. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Ceylon na watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 mchana, karibu na Maldivi, wengi wakiwa ndani kwenye tumbuizo la muziki, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Dakika tatu hazikupita, meli ikazama.

Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari Petard na Paladin zilikuja kuokoa, lakini pia zikatupa mabomu ya kuvunja nyambizi mle mle penye waogeleaji. Walikufa 1,297, wakapona 214. Nyambizi nayo ikazamishwa.

Petard hiyo hiyo ilikuwa na sifa yake. Mwaka 1942 kijana wa kantini, Tommy Brown, mwenye miaka 16, aliingia nyambizi ya Kijerumani U-559 iliyokuwa ikizama, akatoa vitabu vya misimbo ya siri alivyopewa na wenzake mle ndani. Wenzake hao wawili, Fasson na Grazier, walizama nayo. Brown alikufa 1945 katika moto akijaribu kumwokoa dada yake mdogo. Nishani aliyotunukiwa kwa kazi hiyo akaipokea mama yake mwaka 1947.

Miaka mitano kwa Brown. Kwetu, Mfalme Charles aliwavisha upya nishani wazee wanne waliopigana vita hivyo, pale Kariokor, baada ya miaka karibu 80. Mmoja, Koplo Samwel Nthigai Mburia, alitajwa kuwa na miaka 117. Za kwanza walizitupa enzi za Mau Mau, maana nishani ya Mwingereza kifuani ingeweza kukuponza. Mimi siwalaumu.

Askari wetu waliozama na Khedive Ismail hawakupata hata cha kutupa. Majina yao yako Ngong Road, kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki. Kama kwenu kuna babu aliyepanda meli Kilindini mwaka ule asirudi, anza kumtafuta hapo.