Kusaka hitilafu ndani ya mashine: Funzo kwa viwanda vya Thika na Ruiru

Mnamo mwaka 2024, wateja wa kampuni ya umeme ya Kenya Power wanaotumia mita za tokeni, wakiwemo wakazi wa Thika na Ruiru, walikumbana na jambo ambalo hawakuwa wamelizoea. Walipolipia stima, walipokea safu tatu za tarakimu 20 badala ya moja. Safu mbili za kwanza hazikubeba umeme wowote. Kazi yake ilikuwa kuiandaa mita kwa hesabu mpya ya wakati. Safu ya tatu pekee ndiyo iliyobeba umeme ulionunuliwa. Mita ambayo haingeingizwa tarakimu hizo kabla ya Novemba 24 mwaka huo ingekataa kupokea tokeni mpya.

Chanzo chake kilikuwa ndani kabisa ya mita. Katika mfumo wa STS, ulioasisiwa Afrika Kusini na kuenea katika nchi nyingi, kila tokeni hupigwa muhuri wa wakati kwa kuhesabu dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ni biti 24, ambazo haziwezi kuandika nambari iliyozidi 16,777,215. Dakika hizo zilitimia Novemba 24, 2024. Kwa bahati njema, mfumo ulikuwa na mlango wa kuirekebisha hesabu hiyo bila fundi kuifungua mita hata moja, na mwananchi aliweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa vidole vyake.

Tukio hilo lilidhihirisha jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: kisanduku kile ukutani ni kompyuta. Wataalamu huiita kompyuta iliyopachikwa, kwa maana kwamba imewekwa ndani ya chombo kingine ili itekeleze kazi moja maalumu. Kompyuta za aina hii zimo katika simu, mashine za kufulia, pampu za maji, vipimo vya hospitalini na magari. Nyingi hazina kioo wala kibodi, na mwenye chombo huenda asijue kamwe kwamba zipo, hadi siku zitakapokosea.

Ukanda wa barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, katika Kaunti ya Kiambu, umejaa viwanda vinavyohusika na mashine za namna hii. Mjini Thika kipo kiwanda cha kuunganisha magari cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Magari ya kwanza kutoka hapo yaliongozwa na nyaya, gia na mafuta tu. Desemba 2016, uunganishaji wa magari ya Volkswagen aina ya Polo Vivo ulipoanza kiwandani humo, kila gari lilikuja na vidhibiti vya kielektroniki vinavyoamua kiasi cha petroli na wakati wa kuwasha cheche. Mwaka 2024 kampuni ya BasiGo ilifungua hapo laini ya kuunganisha mabasi ya umeme, ambayo betri zake haziwezi kuchajiwa kwa usalama bila kompyuta ya kuzichunga.

Swali linalozuka ni hili: kompyuta hiyo ikikosea, nani anaweza kuona kilichotokea ndani yake?

Kazi ya zana hizi

Jibu linapatikana katika tasnia ambayo jina lake halisikiki sana, yaani ile ya kampuni zinazotengeneza zana za kuundia na kusakia hitilafu katika kompyuta zilizopachikwa. Zana hizo ni za aina tatu kuu.

Ya kwanza ni kompaila, programu inayotafsiri maagizo yaliyoandikwa na mhandisi, mara nyingi kwa lugha ya C, na kuyageuza kuwa namba zinazoeleweka na chipu husika. Ya pili ni kifaa cha kuzihamisha namba hizo kutoka kompyuta ya mezani hadi katika kumbukumbu ya chipu. Ya tatu, ambayo ndiyo ngumu zaidi kuitengeneza, ni kifaa cha kusakia hitilafu. Kifaa hiki huunganishwa na chipu kwa nyaya chache na kumwezesha mhandisi kuisimamisha kazi katika agizo lolote alitakalo, kusoma kilichomo katika kumbukumbu, kisha kuisogeza hatua moja baada ya nyingine.

Ugumu unatokana na wakati. Mhasibu akisimamisha programu ya mishahara ili aikague, hakuna kitakachoharibika. Lakini breki za basi haziwezi kusimamishwa katikati ya mteremko ili mhandisi achungulie. Kwa sababu hiyo, vifaa vya hali ya juu hufanya kazi ya kufuatilia: huandika kila hatua ambayo chipu imepitia huku ikiendelea kufanya kazi, ili mhandisi aisome kumbukumbu hiyo baadaye.

Historia ya zana hizi inakaribiana sana na ile ya chipu zenyewe. Kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa maikroprosesa yake ya kwanza, 4004, mwaka 1971. Katikati ya mwongo huo ilianza kuuza kifaa kilichochomekwa mahali pa chipu ndani ya mashine na kuiga kazi zake zote, huku mhandisi akitazama. Mwaka 1979 Lothar Lauterbach alianzisha nchini Ujerumani kampuni yenye jina lake, ambayo makao yake yako karibu na Munich na ambayo vifaa vyake vya TRACE32 hutumiwa sana na waundaji wa magari. Kampuni ya IAR ilianza mwaka 1983 mjini Uppsala, Sweden, nayo SEGGER ikaanza mwaka 1992 nchini Ujerumani. Kampuni nyingine ya Kijerumani, Keil, ilinunuliwa mwaka 2005 na ARM ya Uingereza, ambayo michoro yake ya chipu imo katika simu nyingi duniani.

Chipu zilipozidi kuwa ndogo, kifaa cha kuchomeka mahali pake hakikuwezekana tena. Watengenezaji walikubaliana kuacha mlango mdogo ndani ya kila chipu. Kundi la kampuni lililofahamika kama JTAG lilianza kuandaa kanuni za mlango huo katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1990 zikapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa. Nia ya awali ilikuwa kupima kama chipu zimeunganishwa sawasawa kwenye bodi. Baadaye wahandisi waligundua kwamba kwa nyaya zile zile nne au tano wangeweza kuingia ndani ya programu yenyewe.

Funzo kutoka sayari ya Mirihi

Thamani ya zana hizi ilionekana wazi mwaka 1997. Chombo cha Mars Pathfinder cha shirika la NASA kilitua katika sayari ya Mirihi mnamo Julai 4. Siku chache baadaye kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha upya mara kwa mara, ikichelewesha data zilizosubiriwa duniani. Mfumo uliokuwa ukiiendesha, VxWorks, ulitengenezwa na Wind River, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1981 na kujijengea jina kwa mifumo na zana za kompyuta zilizopachikwa.

Wahandisi hawakuwa na njia ya kukifikia chombo. Walichokuwa nacho ni nakala yake maabara, pamoja na uwezo wa kufuatilia kila hatua ya programu. Waliiendesha nakala hiyo hadi hitilafu ikajirudia, kisha wakasoma kumbukumbu. Ilibainika kwamba kazi ya daraja la chini, iliyohusu hali ya hewa, ilikuwa imeshika ufunguo uliohitajiwa na kazi ya daraja la juu, huku kazi za daraja la kati zikiizuia kuukabidhi. Ni sawa na tarishi aliyeshika ufunguo wa chumba cha mkutano akizuiwa na makarani njiani, wakati waziri anasubiri mlangoni. Kila waziri alipochelewa, saa ya ulinzi iliona kuna hatari na kuiwasha kompyuta upya.

Tiba ilikuwa fupi: kumpa tarishi daraja la waziri kwa muda wote anaposhika ufunguo. Badiliko hilo lilitumwa hadi Mirihi na chombo kikatulia. Kutibu hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kuona.

Juja: kati ya kuunganisha na kubuni

Kati ya Ruiru na Thika uko mji wa Juja, yaliko makao ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Kilifunguliwa mwaka 1982 kwa msaada wa serikali ya Japani na kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mwaka 2016 chuo hicho, kwa ushirikiano na kampuni ya Positivo BGH ya Amerika Kusini, kilikuwa miongoni mwa walioshinda zabuni ya kuzipatia shule za msingi vifaa vya kidijitali, na kiwanda cha kuviunganisha kikawekwa Juja. Chuo hicho pia kilitoa laputopu iliyopewa jina la Taifa.

Kuunganisha huajiri vijana na kuwazoesha nidhamu ya kiwanda. Hata hivyo, bodi inapofika ikiwa na programu iliyokwisha kuandikwa ng'ambo, kazi inayobaki kwa fundi ni kuhakikisha kwamba taa imewaka. Isipowaka, hubadilisha bodi. Sababu ya hitilafu humjia tu yule mwenye maandishi asilia ya programu na zana ya kuichungulia.

Tena, watengenezaji wengi huufunga mlango wa JTAG kabla ya kuuza bidhaa. Wana sababu ya msingi: mlango ulio wazi ungewawezesha wezi kunakili programu, na mita ya stima yenye mlango kama huo ingekuwa mwaliko kwa waiba umeme. Lakini matokeo yake ni kwamba fundi hodari wa Thika, hata awe na kifaa ghali namna gani, hukuta mlango umefungwa kwa ufunguo ulio nchi nyingine. Ufunguo huo hauwezi kupatikana katika hatua ya ukarabati. Humwendea aliyeshiriki kubuni.

Gharama si kizuizi kikubwa kama ilivyokuwa zamani. Kompaila ya GCC, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 kutokana na juhudi za Richard Stallman, hupatikana bure. Mwaka 2005 mwanafunzi Dominic Rath wa chuo kimoja cha Augsburg, Ujerumani, aliandika programu ya kusakia hitilafu, OpenOCD, kama kazi yake ya kuhitimu, na sasa inatumika kote duniani. Mwaka huo huo bodi za Arduino zilizaliwa mjini Ivrea, Italia, ili wanafunzi wajifunze kwa bei nafuu. Zana za kulipia bado zina nafasi yake, hasa katika ufuatiliaji wa kasi kubwa na kompaila zilizothibitishwa kwa usalama wa magari, lakini mlango wa kuingilia taaluma hii umefunguka.

Ukanda huu unao mfano wake wa kale wa kusaka hitilafu. Ugonjwa wa chule buni, unaoozesha matunda machanga ya kahawa, ulipowasumbua wakulima wa Kenya, dawa za kunyunyizia ziliwagharimu kila msimu. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru waliamua kuitafuta kinga ndani ya mti wenyewe, na mwaka 1985 wakatoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo na kutu ya majani. Mbegu hiyo isingepatikana kwa kununua dawa zaidi. Ilipatikana kwa sababu walikuwepo watu Ruiru wenye zana na subira ya kutazama ndani.