Dawa, Kisu na Wagonjwa Watano wa Indiana

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana ambaye saratani ya korodani ilikuwa imeshasambaa hadi mapafuni alikuwa na tumaini dogo sana la kupona. Daktari wa upasuaji aliondoa alichoweza kukifikia. Mwenzake wa dawa aliitwa baadaye, mgonjwa akiwa taabani.

Katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wataalamu wa pande hizo mbili walishirikiana. Mwaka 1974 Lawrence Einhorn, daktari kijana wa dawa za saratani, alianza kuchanganya dawa tatu. Vinblastini ilitokana na ua lenye asili ya Madagaska. Bleomisini iligunduliwa Japani. Ya tatu, sisplatini, ilipatikana kwa bahati. Barnett Rosenberg wa Michigan alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria, akaona wameacha kugawanyika. Kumbe kilichowazuia si umeme, bali platinamu iliyoyeyuka kutoka kwenye vyuma alivyotumia kupitisha umeme huo. Alitangaza ugunduzi huo mwaka 1965. Sisplatini, yenye platinamu hiyo, iliweza kuzuia hata seli za saratani zisigawanyike. Lakini dawa yenyewe ilikuwa kali: ilitapisha mno na kuumiza figo.

Sifa nyingi zimekwenda kwa dawa hiyo, na inazistahili. Lakini bega kwa bega na Einhorn alikuwapo John Donohue, bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo. Katika ripoti yao ya mwaka 1977, kati ya wagonjwa 47 waliopimwa matokeo, saratani ilitoweka kabisa kwa 35. Kwa 12 ilinywea tu. Watano kati ya hao 12 walipasuliwa, mabaki yakatolewa, nao wakabaki bila saratani.

Watano hao ndio ushahidi mkubwa wa kazi ya pamoja. Dawa peke yake haikuwatosha. Kisu peke yake kisingewaokoa.

Hapo ndipo mtaalamu wa patholojia alipopata nafasi yake. Uvimbe uliotolewa ulipimwa kwa hadubini: je, una seli hai za saratani, au ni tishu iliyokufa? Jibu lake liliamua kama mgonjwa aongezewe dawa. Baadaye Donohue aliboresha upasuaji wake ili kunusuru mishipa ya fahamu, wanaume wengi wakaendelea kuwa na uwezo wa kupata watoto.

Ugonjwa huu huwapata zaidi vijana. Anayehisi uvimbe kwenye korodani, hata usiouma, aende hospitali mapema bila haya. Akiambiwa ni saratani, aulize kama daktari wa upasuaji, wa dawa na wa patholojia wamekaa pamoja kuijadili.